Kalinzi kwa Siku Moja: Kupanda Mlima na Kupita Mashambani

Barabara ya lami ya Mwandiga hadi Manyovu ina kama kilomita 60, na sehemu kubwa ni kupanda. Unaanzia kwenye joto la ziwa, maana uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukifika kwenye migongo ya juu ya Kalinzi, huku milimani mkoani Kigoma, umeshapita mita 1,500. Mwongozo huu ni wa mtu anayelala Kigoma mjini, anayetaka kupanda asubuhi, kuzunguka mlimani na mashambani, kisha kurudi kabla giza halijaingia. Anayevuka Kalinzi kuelekea Buhigwe utamfaa vilevile, kwa sababu mambo hayabadiliki sana: kahawa, migomba, maharage, mihogo, na vinjia vyembamba vinavyopita katikati ya mali za watu.

Hilo la mwisho ndilo la kushika mapema. Hakuna geti hapa, hakuna tiketi, wala njia iliyochongwa kwa ajili ya wageni. Kinjia unachokiona ni mpaka wa shamba, au njia ya kwenda kuteka maji, au ya kupeleka mbuzi malishoni. Kwa hiyo ratiba yako itafuata kazi za wenyeji. Mgeni anayekuja kukimbilia kileleni tu atapita pazuri bila kupaona.

Mwezi wa kwenda

Mvua za Kigoma huanza Oktoba au Novemba na kwenda hadi Aprili, mara nyingine zikagusa Mei. Kuanzia Juni hadi Septemba ni kiangazi, na wengi hudhani kiangazi chote ni kimoja. Sivyo. Wakati mzuri kuliko wote ni mwisho wa Mei hadi mwanzoni mwa Julai: mvua imekata, nyasi bado mbichi, hewa imeoshwa, na mashambani watu wanachuma kahawa. Ukiwa kwenye mgongo wa magharibi siku ya namna hiyo unaliona ziwa chini, na ng'ambo yake milima ya Kongo.

Agosti na Septemba watu wanaandaa mashamba na nyasi zinachomwa. Moshi ukichanganyika na vumbi, unaweza kupanda saa mbili nzima ukaambulia ukungu wa kijivu. Mvua za kwanza za Novemba husafisha hewa tena, na picha za mwezi huo ni nzuri sana, ila unazilipia kwa utelezi na radi. Januari hadi Aprili tungemshauri mgeni wa mara ya kwanza aache, isipokuwa ana siku za kusubiri mvua ipite.

Vitu vya kuandaa jioni yake

Anza na kitambulisho. Kigoma inapakana na Burundi, na maofisa wa uhamiaji husimamisha magari njiani. Beba kadi ya NIDA. Kama si raia, beba pasipoti yenyewe, si picha iliyo kwenye simu. Asiye na kitu cha kuonyesha hushushwa, na wenzake wote wakakwama naye.

Maji ni lita 2 kwa kila mtu, lita 3 kama ni kiangazi kikali. Sweta ni lazima hata kama mjini unatoka jasho: joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo juu kuna tofauti ya nyuzi 4 au 5, na upepo ukivuma baridi inazidi. Vaa suruali ndefu, soksi ndefu na viatu vyenye meno. Raba za soli laini ndizo zinazoangusha watu wengi. Ongeza kofia, koti la mvua, plasta, selotepu (sababu yake iko mbele), pakiti mbili za ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini), na noti ndogondogo za 1,000 na 2,000. Duka la kijijini halina chenji ya 10,000 asubuhi.

Kuhusu saa ya kutoka: mgeni wa kutoka Dar es Salaam hukosea hapa. Jua la Kigoma liko nyuma ya la Dar kama dakika 40. Mwezi Juni linachomoza saa 1 na dakika chache asubuhi na kuzama karibu saa 1 jioni. Ukifika stendi saa 11 alfajiri utasubiri gizani bure. Kuwa Mwandiga saa 12 na nusu, ukusudie kufika Kalinzi saa 2.

Kufika

Mwandiga ni njia panda: upande mmoja gari zinakwenda Kasulu, mwingine Manyovu. Taja Kalinzi kwa jina kabla hujakaa. Usafiri ni Hiace na michomoko, yaani magari madogo ya abiria. Mchomoko huwahi kujaa na hukimbia, lakini hupakia watu kupita viti vyake, na barabara hii ina kona na miteremko mirefu. Mwenye mtoto au mzigo asubiri Hiace. Kabla ya kushuka muulize kondakta gari ya mwisho ya kurudi mjini hupita saa ngapi siku hiyo, kisha utoe saa nzima kwenye jibu lake.

Njiani kaa dirishani uangalie mimea, kwa sababu ndiyo inayokuonyesha umepanda kiasi gani. Chini kuna michikichi, mti unaopenda joto na unaoipa Kigoma mawese yake, mise yake (kiini cha kokwa ya chikichi) na sabuni ya gwanji. Kadiri gari inavyopanda michikichi inapungua, migomba inaongezeka, na chini ya migomba unaanza kuona majani ya kahawa, ya kijani iliyokolea na yenye kung'aa. Kahawa ya huku ni arabika, nayo ndiyo inayopenda ubaridi huu.

Kupiga hodi

Hatua ya kwanza ukishuka ni ofisi ya mtendaji wa kijiji, kabla ya picha na kabla ya chai. Asubuhi salimia kwa Kiha: "Mwakeye." Utaitikiwa kwa furaha na maneno mengine yatafuata kwa Kiswahili. Kwa mzee, shikamoo haikwepeki. Taja jina lako, unakotoka, unachotaka kuona na saa ya kurudi, kisha saini kitabu cha wageni. Kama mtendaji hayupo, mtafute mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji.

Muulize mambo matatu. Kwanza, msitu wa kijiji unaanzia wapi na sheria ndogo zinakataza nini. Pili, kuna msiba? Kama upo, upande huo usipite na kamera, na ukilazimika kupita, simama utoe pole. Tatu, mashine ya kumenya kahawa inafanya kazi leo, na saa ngapi? Kwa kawaida huanza mchana, watu wakishateremsha kahawa waliyochuma asubuhi.

Omba mtu wa kuongozana naye, na uombe mkulima, maana kijana wa barabarani anaweza kuijua njia asilijue shamba. Elewaneni malipo mbele ya mtendaji: ni ya siku nzima au nusu siku, ni ya kundi au ya kichwa, na chakula chake ni juu ya nani. Ugomvi mwingi wa jioni hutokana na makubaliano ya "tutaelewana tu". Mlipe mkononi mkisharudi.

Kuhusu mipaka msifanye mzaha. Magharibi ya migongo hii ardhi inateremka kwa kasi kuelekea ziwani, na huko iko Gombe, hifadhi ya taifa tangu 1968. Kuingia Gombe ni kwa kibali, na wageni hufika kwa boti kutoka Kigoma. Kuiteremkia kutoka mlimani ni kuvunja sheria, na pia ni hatari: mabonde ni makali, na mgeni mwenye mafua anaweza kuwaambukiza sokwe. Ukielekea Manyovu, ni mpaka wa Burundi ambao hauna ukuta. Mwongozaji akisema hapa ndipo mwisho, geuka. Droni inahitaji kibali, na ukiirusha karibu na mpaka utalala kituoni.

Kupanda

Kadiria muda hivi: kilomita 4 kwa saa, kisha ongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kwenda juu. Njia ya kilomita 3 yenye mwinuko wa mita 300 ni dakika 45 na nyingine 30, yaani saa moja na robo. Mkiwa na watoto au mtu mzito, zidisha kwa moja na nusu. Mapumziko hayamo kwenye hesabu hiyo.

Udongo ni mwekundu wa mfinyanzi. Ukiwa mkavu unashika vizuri, ukilowa hata kwa umande unakuwa kama sabuni. Asubuhi kanyaga palipo na kokoto au mizizi. Usikanyage kingo za matuta. Yale majani ya tembo yaliyopandwa kwa mstari ukingoni ndiyo yanayozuia udongo usishuke. Kundi la watu kumi wakipita juu yake wanafungua mwanya mdogo, mvua ya kwanza inaingia hapohapo, na msimu ukiisha pana korongo. Zunguka, hata kama mwongozaji kwa adabu amesema hakuna shida.

Fimbo inasaidia zaidi kushuka kuliko kupanda. Mpini wa jembe unafaa kabisa, na dukani ni wa bei ndogo. Wakati wa kushuka piga hatua fupi, mguu ukae upande, uzito uwe kwenye goti lililokunjwa kidogo. Wanaoanguka ni wale wanaoegemea nyuma.

Upupu ni wa kiangazi. Maganda yake ya kahawia yenye manyoya hukauka kandokando ya njia, na upepo unapeperusha vinyoya hivyo. Ukikupata, usijikune na usisugue kwa mkono, maana unavisukuma ndani na kuvisambaza. Bandika selotepu au plasta juu ya ngozi, uivute, rudia kwa kipande kipya mpaka muwasho upungue, ndipo uoshe. Shati lililoguswa livue na ulifungie kwenye mfuko. Siafu nao: mkiona mstari mweusi umekatiza njia, ruka, na usisimame karibu ili kupiga picha.

Radi ndiyo ya kuogopwa kuliko yote. Kati ya Oktoba na Aprili wingu hupanda mchana, kwa hiyo muwe mmeshuka kwenye mgongo kabla ya saa 7. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Zikiwa pungufu ya 30, ondokeni juu mara moja, msijikinge chini ya mti mmoja uliosimama peke yake, na msikae kwa kushikana. Nyumba ya kuta na bati ndiyo kimbilio. Subirini nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Shambani

Hapa ndipo pa kutumia muda. Kila ukikuta mtu shambani, simama kwenye mpaka useme kabla hujaingia. Inatosha hivi:

"Shikamoo mama. Tunaomba njia."
"Marahaba wanangu, piteni. Ila huku kuna maharage, zungukieni kwa kule."

Na uzungukie kwa kule kweli. Maharage yakiwa na umande hayapitwi, kwa sababu nguo zenye maji hubeba vimelea vya ukungu kutoka mche mmoja hadi mwingine. Yakishavunwa huanikwa uani, nayo hayarukwi, pita pembeni.

Kwenye kahawa, omba uonyeshwe tawi lenye matunda ya rangi tatu, kijani, njano na nyekundu. Linalochumwa ni jekundu tu, moja moja, ndiyo maana mkulima anarudi kwenye mti uleule mara kadhaa katika msimu. Kupurura tawi zima ni haraka, ila kahawa mbichi ikiingia ndani ya mbivu inaharibu ladha na bei. Geuza jani: unga wa rangi ya chungwa upande wa chini ni kutu ya majani. Madoa meusi yaliyobonyea kwenye matunda mabichi ni ugonjwa wa chulebuni, unaopenda baridi na unyevu wa mwinuko huu. Ukishika jani lenye kutu, pangusa mikono kabla ya kugusa mti mwingine.

Mashineni fuata mtiririko kwa utaratibu wake. Kahawa hutiwa majini kwanza, zinazoelea hutolewa, kwa kuwa ndani ni tupu au zina wadudu. Kisha humenywa siku ileile ya kuchumwa. Ikilala na ganda lake inaanza kuchacha vibaya na kikombe kitanuka. Punje zenye utelezi huachwa kwenye tangi siku moja hadi moja na nusu, na kwa ubaridi wa huku muda unaweza kuzidi. Kipimo ni kiganja: ukizisugua zikakwaruza kama kokoto, utelezi umetoka, zioshwe mara moja. Zikisahaulika humo zinapata uchungu wa siki.

Baada ya hapo ni vichanja vya wavu. Kahawa ya ganda, yaani punje zilizooshwa zikiwa bado na ganda lake jembamba la ndani, hutandazwa kwa unene wa sentimita 2 hadi 3, hugeuzwa mara kwa mara, na jua la mchana likiwa kali hufunikwa. Wageni hushangaa kuona kitu kinachokaushwa kikifunikwa jua. Sababu ni kwamba ganda likikauka ghafla linapasuka na punje inabaki wazi. Hukaa hivyo kama wiki mbili mpaka unyevu ufike karibu asilimia 11 au 12. Usivute sigara karibu, na mikono yenye mafuta ya kujipaka usiipitishe kwenye kichanja, maana kahawa hunyonya harufu. Kilo 6 hivi za matunda mekundu hutoa kilo moja tu ya kahawa safi. Kumbuka hesabu hiyo kabla ya kulalamikia bei ya pakiti. Nunua iliyokaangwa na kufungwa. Kahawa ya ganda inapita kwenye chama cha ushirika, na kuibeba kwenye kiroba karibu na mpaka kunakuweka kwenye kundi la magendo.

Kwenye migomba, kisu chako kikae mfukoni. Mnyauko wa bakteria husambazwa na panga au kisu kilichokata mgomba mgonjwa kikaenda kwenye mzima. Tazama mkulima anavyoondoa ua dume la chini ya mkungu: hatumii panga, anashika mti mrefu wenye panda, anabana kikonyo na kukisokota mpaka kikatike. Hivyo hakuna chuma kinachogusa utomvu, na wadudu wanaoleta bakteria hawana ua la kutua. Ukitaka jani la kufungia chakula, omba ukatiwe.

Muhogo nao una sharti lake: usiombe pingili za kwenda kupanda kwenu, hata kama majani yanapendeza. Batobato utaiona kwenye jani lililojikunja, lakini michirizi ya kahawia inaweza kuwa kwenye mche unaoonekana mzima, na mizizi yake ikaoza ikiwa ardhini. Magonjwa yote mawili husafiri ndani ya pingili.

Kula na kunywa

Mweleze mwongozaji mapema kama mtakula, ili mama mmoja apewe taarifa na fedha ya mboga asubuhi. Utapata ugali wa muhogo, maharage yaliyoungwa kwa mawese, pengine dagaa waliopanda kutoka ziwani. Ndizi mbivu zinauzwa kandokando ya barabara.

Maji ya kijito yanavutia, lakini msimu wa kahawa ni mabaya zaidi kuliko miezi mingine, kwa sababu maji ya kuoshea kahawa yanaweza kuingia mtoni. Yakiwa na rangi ya chai na harufu ya kuchacha, hata kunawia uso hayafai. Kunywa ulichobeba au yaliyochemshwa.

Kurudi

Kuwa barabarani saa 11 jioni. Na kabla ya kuiamini saa ya simu, angalia mtandao ulioshikwa. Kwenye migongo ya juu, hasa kuelekea Manyovu, simu inaweza kunasa mnara wa Burundi. Hapo mambo mawili hutokea: salio linaliwa kwa bei ya nje ya nchi, na saa inarudi nyuma kwa saa moja, kwa kuwa Burundi iko saa moja nyuma yetu. Mtu anadhani ni saa 10 kumbe ni 11, na gari ya mwisho inampita akiwa bado mlimani. Dawa ni kuchagua mtandao mwenyewe kwenye mipangilio ya simu, kuzima saa ya kujiseti, au kuvaa saa ya mkononi.

Gari zikipita zimejaa hadi saa 12, usikubali bodaboda ya kushuka hadi mjini gizani. Mteremko ni mrefu, kona zinafuatana, na malori hushuka kwa breki. Rudi kwa mtendaji uliyemuaga asubuhi, umweleze umekwama, na uulize nyumba ya kulala wageni au familia inayopokea watu. Gari za asubuhi huanza kushuka mapema, na viti vipo.